Riziki ya Mishipa ya Fahamu

Mkulima wa Mweiga, baina ya safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, humjua fuko kuwa ni hasimu wa viazi vyake. Lakini fuko huyo mwenye manyoya si ndugu wa karibu wa yule asiye na manyoya, aishiye chini ya ardhi kavu upande wa Isiolo na Samburu, ambaye ngozi yake imewafunza wataalamu jambo litendekalo ndani ya kila mimba.

Mnamo juma la nne tangu mimba kutunga, chembe fulani huhama kutoka ukingoni mwa mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, zikajikusanya mafundo mafundo kandokando yake, na kutoka kila fundo nyuzi nyembamba hushika safari ya kuelekea ngozini, ncha zake zikipapasa kama kipofu apapasavyo ukuta. Pambizo za mdomo hutangulia kupata hisi, hata kijusi cha majuma manane hivi, kiguswapo hapo, hugeuza kichwa; viganja hufuata baada ya majuma kadhaa. Mtu asiharakishe kuliita hilo maumivu, maana njia ziendazo kwenye gamba la ubongo hukamilika baadaye sana.

Lakini kufika si kudumu. Rita Levi-Montalcini, Mwitalia wa asili ya Kiyahudi, alipofungiwa milango ya chuo kikuu na sheria za Mussolini za mwaka 1938, alijifanyia maabara chumbani mwake Turin, akachunguza vifaranga wangali mayaini. Na baada ya vita, huko St. Louis, Marekani, yeye na Stanley Cohen wakaibainisha protini iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ngozi huitoa protini hiyo kwa uchache, na mishipa isiyoipata hufa.

Wako watoto wachache wazaliwao na kasoro katika kipokezi cha protini hiyo: hawahisi maumivu, hawatoki jasho, na hujing'ata ndimi pasipo kulia. Yule fuko asiye na manyoya naye, kama kundi la Gary Lewin la Berlin lilivyoeleza mwaka 2016, ana kipokezi hicho hicho kilicho dhaifu, si kilichoharibika. Kwa hiyo akishakomaa nyuzi zake nyembamba za maumivu ni chache, na ngozi yake ikivimba, joto dogo halimchomi kama litakavyotuchoma sisi.