Samani za Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi somo la ubunifu wa vifaa lilivyoanza kufundishwa chuoni Nairobi katikati ya miaka ya 1960, na mchango wa Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini aliyekuwa mwalimu hapo hadi alipofariki mwaka 1967. Leo tutoke darasani tuteremke Mashimoni, Kibera. Wanafunzi wa ubunifu hupenda kuchora viti, vitanda na meza kwa ajili ya mkazi wa mitaa kama huu. Swali langu ni moja: mchoro huo unamfikiaje huyo mkazi?

Tuanze na chumba chenyewe. Ni futi kumi kwa kumi, pengine kumi na mbili. Kitanda kiko nyuma ya pazia, viti vya kochi vimebanana kuizunguka meza ndogo, jiko liko karibu na mlango, mitungi ya maji ya lita 20 imejipanga ukutani, na masufuria yamesukumwa uvunguni. Meza hiyo ndiyo ya kulia chakula, ya kupigia pasi, na usiku mtoto wa shule hufanyia hapo kazi zake za ziada akiwa ameinama kwa sababu ni fupi. Hapa hakuna kitu chenye kazi moja.

Mwanafunzi akikiona chumba hiki, wazo la kwanza huwa meza ya kukunjwa inayofungwa ukutani. Ni wazo zuri mpaka uuguse ukuta. Nyumba nyingi za Kibera zimejengwa kwa fito na udongo, juu mabati. Skrubu haishiki kwenye udongo; baada ya wiki chache tundu limepanuka na meza iko chini. Tena ukuta si wa mpangaji, ni wa mwenye nyumba. Basi meza ya Mashimoni lazima isimame kwa miguu yake yenyewe, na sakafu mara nyingi haiko sawa. Wazee wetu walilijua hilo: kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, ilhali cha miguu minne kitahitaji kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja.

Kitanda nacho kina masharti yake. Lazima kipite kwenye kichochoro na mlango mwembamba, na siku ya kuhama kipande mkokoteni pamoja na vyombo vingine. Kwa hiyo kifungwe kwa nati na bolti, kifunguliwe kwa spana moja. Kisha kuna kunguni. Wanaopenda kutumia tena mbao za paleti, na ni jambo la kupongezwa, wakumbuke kwamba kila ufa kati ya ubao na ubao ni makao ya kunguni. Mbao zipigwe randa, nyufa zizibwe, viungo viwe vichache. Pia wasome muhuri uliopigwa kwenye paleti: herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, lakini MB ni alama ya dawa ya sumu iitwayo methyl bromide. Ubao wa MB usitumiwe kutengenezea kitanda cha mtoto.

Mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi ni rahisi kununua, lakini maji yakiingia ndani huvimba na kumeguka. Anayeishi karibu na mto hahitaji kuelezwa jambo hilo. Na tangu serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018 na bei ya mbao ikapanda, kila seremala amejua kwamba kuhifadhi msitu na kuhifadhi pesa ni jambo moja. Kiti kinachodumu miaka kumi na kurekebishika kimeokoa mti zaidi ya kiti chochote kinachosifiwa kuwa cha kijani.

Mfano bora tulio nao wa ubunifu uliomfikia mkazi hautoki kwenye samani. Uko karibu na mlango wa chumba kile kile: jiko la makaa lenye kigae ndani. Liliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, kipindi ambacho Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, Agosti 1981. Wataalamu waliona jiko la ndoo kutoka Thailand lenye udongo ndani, wakajaribu kuliunganisha na jiko letu la bati. Majaribio ya mwanzo yalifunika ndani yote kwa kigae, nacho kikapasuka, kwa kuwa bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto. Ndipo kigae kikaachwa nusu ya juu tu, kiuno kikabanwa, kitako kikapanuliwa. Kitako kipana kilikuwa na maana kubwa: anayesonga ugali hutumia nguvu, na jiko jembamba huanguka. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo walilitengeneza kwa nyundo na mkasi waliokuwa nao. Walipoongezeka, bei ikashuka. Leo jiko hilo liko Kenya nzima, na majirani zetu wameliiga. Sifa hiyo ni ya wahunzi, wafinyanzi na akina mama waliolipikia na kulilalamikia, sawa na wataalamu.

Kibera yenyewe ina somo jingine. Mwaka 2006 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Mkenya Arthur Adeya, waliunda Kounkuey Design Initiative. Walianza kwa kuwauliza wakazi wa kando ya mto shida zao. Jaa la taka karibu na Bwawa la Nairobi likageuzwa kuwa uwanja wenye kivuli, daraja la miguu, mahali pa kutengenezea mboji, na kazi ya kusuka vikapu kwa gugu maji lililolifunika bwawa. Wanafunzi waliondoka darasani, lakini kazi ikabaki na wakazi.

Hapo ndipo ninapowaomba wahadhiri wetu. Mafundi wa Kawangware na wa kando ya Ngong Road wana msumeno, randa, mashine ya kuchomelea, na wateja wanaolipa kidogo kidogo. Mpeleke mwanafunzi kwao kabla hajachora, na fundi alipwe kwa muda wake kama mwalimu mwingine yeyote. Kitu kikikamilika, vipimo vyake viachwe kwa fundi bila malipo. Kisha alama za mwisho msizitoe siku ya maonyesho. Zitoeni mwaka mmoja baadaye, ndani ya chumba ambamo kitu hicho kinatumika, na mwenye chumba awe miongoni mwa watahini.