Karo Dola 20,000: Mzazi Myahudi wa Marekani Analipia Nini?

Katika kaunti ya Bergen, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson ukitokea New York, shule za msingi za Wayahudi wa Orthodox wa kisasa, wanaoshika sheria za dini huku wakiishi maisha ya leo, hutoza zaidi ya dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Ukivuka mto kuingia Manhattan, zipo zinazotoza zaidi ya 40,000. Mtaani hapo hapo ipo shule ya serikali, mara nyingi nzuri, ambayo mzazi anaigharimia tayari kwa kodi ya majengo, nayo ingempokea mtoto bila karo.

Wengi huipima tofauti hiyo vibaya. Hutazama karo ya mwaka wa kwanza ya mtoto wa kwanza, ilhali shule hizi huanzia chekechea na kufika darasa la nane. Kwa karo ya 22,000, mtoto mmoja atamaliza miaka tisa akiwa amelipiwa 198,000, hata karo isipopanda. Nyumba yenye watoto watatu shuleni kwa wakati mmoja itatafuta 66,000 kila mwaka, na fedha hizo hutoka baada ya kodi ya mapato kukatwa. Wazazi wawili wa California waliwahi kudai nafuu ya kodi kwa sehemu ya karo iliyolipia masomo ya dini. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakatalia.

Kinachonunuliwa kwanza ni muda. Katika shule nyingi za Orthodox, sala, Kiebrania, Torati na baadaye Talmud, yaani mafundisho ya marabi wa kale, huchukua sehemu kubwa ya siku, kisha hisabati, sayansi na Kiingereza hushika iliyobaki, na ndiyo maana watoto hurudi nyumbani wamechelewa na wamechoka. Cha pili ni kalenda. Mtoto hapangiwi mtihani siku ya Yom Kippur, siku ya kufunga na kutubu, Ijumaa za majira ya baridi hutoka mapema ili afike nyumbani kabla Sabato haijaingia, wala halazimiki kumweleza mwenzake kwa nini sheria za chakula za dini yake zinamzuia kula keki ya sherehe ya darasani. Wazazi walioridhika husifu hayo kuliko alama za mitihani, nami naona wana haki. Mtoto wa miaka saba hajaweza kubeba peke yake kazi ya kuwa tofauti na darasa zima.

Lakini kalenda hiyo ina gharama isiyoandikwa kwenye ankara. Sikukuu za Septemba na Oktoba, kuanzia Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, hadi mwisho wa Sukkot, sikukuu ya vibanda, huifunga shule mara kwa mara, na Pasaka ya Kiyahudi huifunga tena kwa siku nyingi wakati ofisi za wazazi ziko wazi. Mzazi hutumia likizo yake yote hapo, au humlipa mlezi. Juu ya karo huja ada ya usajili, mfuko wa majengo, na harambee ya kila mwaka ambapo familia hutakiwa kuuza tiketi na matangazo au kutoa tofauti mfukoni. Huja pia ada ya ulinzi. Tangu waumini 11 wauawe katika sinagogi mjini Pittsburgh mwaka 2018, walinzi wenye silaha na milango ya chuma vimekuwa jambo la kawaida, na ruzuku ya serikali ya shirikisho hulipia sehemu tu. Inauma kwamba wazazi hawa wanatozwa fedha ili watoto wasome wakiwa hai.

Ni kweli kwamba wengi hawalipi karo kamili. Upo msaada wa karo, na hapa ndipo malalamiko mazito ya wazazi yanapotokea. Fomu huuliza mshahara, mkopo wa nyumba, gari, akiba, kambi ya likizo ya watoto, wakati mwingine hata safari ya kwenda kwa bibi. Kamati hukaa, na miongoni mwa wajumbe wake huenda yumo jirani wa kiti katika sinagogi. Familia maskini hupata punguzo kubwa. Tajiri halihitaji. Walio katikati, mwalimu na muuguzi wenye watoto watatu, huonekana kwenye fomu kama watu wenye uwezo, kumbe hawana akiba ya uzeeni. Baadhi ya shule zimeanza kuweka kikomo: karo ya watoto wote isizidi asilimia fulani ya kipato. Naiona njia hiyo kuwa ya heshima zaidi, kwa sababu mzazi hujua kiasi chake mapema na hahojiwi alikopumzika Agosti.

Kwa wasiomudu, njia ya zamani ni shule ya serikali pamoja na masomo ya Kiebrania ya sinagogi, alasiri moja au mbili na Jumapili. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar anaujua mpango huu: asubuhi shule, jioni chuoni. Gharama yake, hata ukijumlisha uanachama wa sinagogi, ni sehemu ndogo ya karo ya shule ya kutwa. Saa zake ni chache mno, hata hivyo, na watoto wengi huacha wakishafanyiwa bar mitzvah au bat mitzvah, sherehe ya kuingia utu uzima wa kidini, wakiwa na miaka 12 au 13. Anayetaka mwanawe aisome Torati kwa Kiebrania bila tafsiri hatalipata hilo hapo.

Ipo njia ya tatu. Mwaka 2007 ilifunguliwa Florida shule ya Ben Gamla, inayogharimiwa na serikali na kufundisha Kiebrania bila karo. Jina ni la kuhani Yehoshua ben Gamla, ambaye Talmud inamsifu kwa kuagiza walimu wawekwe katika kila mji, watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba. Lakini sheria haiiruhusu shule ya serikali kufundisha sala wala imani. Lugha utaipata, dini utaitafuta kwingine.

Mahali unapoishi napo hubadili hesabu. Florida, tangu 2023, hutoa vocha ya takriban dola 8,000 kwa mtoto wa shule binafsi bila kujali kipato, zikiwemo shule za dini. New York na New Jersey hazina mpango kama huo. Katika Ontario, Kanada, shule za Kikatoliki hugharimiwa na serikali, za Kiyahudi hazigharimiwi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliuita utaratibu huo ubaguzi mwaka 1999. Uingereza zipo shule za msingi za Kiyahudi zinazolipiwa na serikali, ambako mzazi huombwa mchango wa hiari kwa masomo ya dini na ulinzi. Huko mzigo wa fedha huwa mwepesi zaidi.

Mtoto akiwa na shida ya kusoma au kusikia, ningesimama kabla ya kutia saini. Sheria ya Marekani huibana shule ya serikali impe mtoto huyo huduma maalumu bila malipo. Shule binafsi haibanwi hivyo, na wazazi wengi hujikuta wakilipa karo pamoja na mwalimu wa pembeni. Uliza kwa maandishi ni huduma zipi zipo na nani anazilipia. Ukiwa hapo, omba ratiba ya wiki ya darasa la tatu, jumla ya ada zote zilizolipwa mwaka uliopita, na tarehe ambayo kamati ya msaada hutoa jibu, kwa sababu jibu likija baada ya siku ya mwisho ya kurudishiwa amana uliyolipa kushika nafasi, umekwisha kufungwa na shule hiyo.