Kabla ya kumchinja jogoo "anayezaa majogoo tu", soma hii

Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani Wote, akiba yangu yote iliishia kwa vifaranga 50 wa kienyeji wa siku moja. Muuzaji aliniapia kwamba karibu wote ni matetea. Nikaanza kupiga hesabu ya trei za mayai. Wiki ya nane, 29 walikuwa na vishungi vyekundu na vita kila asubuhi. Majogoo!

Kama unafuga huku Makueni au kule Kitui, hii stori unaijua. Na ushauri wake pia: atamisha mayai ya mviringo upate matetea, yaliyochongoka yana majogoo. Au chinja jogoo wako, yeye ndiye mwenye shida. Susu yangu aliamini hivyo miaka yote.

Basi skiza. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo huamua kama mtoto ni msichana au mvulana. Kwa ndege ni kinyume. Jogoo ana kromosomu Z mbili. Kuku jike ana Z moja na W moja. Mbegu zote za jogoo hubeba Z. Kumbe anayeamua ni mama, na huamua kabla ganda halijaumbwa. Umbo la yai halikuambii kitu.

Sasa ingia ndani ya yai. Kwenye Z kuna jeni inayoitwa DMRT1. Siku za kwanza, viungo vya uzazi vya kiinitete cha kike na cha kiume vinafanana kabisa. Karibu siku ya sita kati ya zile 21, njia zinaachana. Mwenye nakala mbili za DMRT1 anaunda korodani. Mwenye moja, jeni nyingine kama FOXL2 zinashika usukani, estrojeni inatengenezwa na ovari inakua, kwa kawaida ya kushoto pekee. Ndiyo maana ukipasua kuku anayetaga, mayai machanga yako upande mmoja.

Mwaka 2009, wanasayansi wa Melbourne, Australia, walipunguza nguvu ya DMRT1 kwenye viinitete vya kiume. Korodani zikaanza kufanana na ovari. Mwaka 2021, wenzao wa Edinburgh, Uingereza, walizima nakala moja kati ya mbili. Kuku wakakua na kishungi na umbo la jogoo, lakini ndani wana ovari, na hawatagi.

Usijaribu pia kuchezea joto la mashine ya kuangulia ukitafuta matetea. Joto la mchanga huamua jinsia ya kasa wa baharini, si ya kuku. Utaua vifaranga tu.

Kwa hivyo ukinunua vifaranga ambao hawajatenganishwa, piga bajeti ukijua karibu nusu ni majogoo. Panga mapema utawauza wapi. Desemba hawakosi mteja. Na anayekuahidi matetea, muulize amewatambuaje. Akikuonyesha umbo la yai, rudisha pesa mfukoni.

Nilimweleza Susu haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Kwa hivyo kuku tulilaumu baba, na watu tukalaumu mama?" Yeye alizaa wasichana sita, na alisemwa sana.