Mshindi Hakimbii Peke Yake

Tuna mazoea, katika shule zetu, ya kuuliza swali moja tu pindi mashindano yamalizikapo: nani amekuwa wa kwanza? Jibu likishapatikana, wengine wote husahauliwa. Mazoea haya hayafai, na mashahidi wangu ni wanariadha wenyewe. Mkimbiaji wa masafa marefu akiombwa asimulie maisha yake, aghalabu hakawii kwenye kikombe alichotuzwa. Husimulia habari za mkufunzi mwenye vituko na za mpinzani aliyemnyima usingizi.

Mimi nilikimbia mbio za nyika nilipokuwa mwanafunzi Mwanda, katika milima ya Taita, ambako mahali tambarare ni haba. Mwalimu wetu alitujaza maji vinywani, akatuamuru tupande mlima bila kuyameza wala kuyatema. Aliyefika juu na kinywa kikavu alirudishwa chini kuanza upya. Tulimdhania amepungukiwa na akili, kumbe alikuwa akitufunza kupumua kwa pua na kutunza nguvu. Mpinzani wangu alikuwa mvulana aliyechunga mbuzi alfajiri kabla ya kuja shuleni. Sikuwahi kumpita mlimani hata siku moja. Alipoacha masomo kwa kukosa karo, nilianza kuwa wa kwanza. Lakini saa ya mwalimu ilionyesha kwamba mwendo wangu umepungua.

Historia ya riadha inaafiki jambo hilo. Mjini Mexico mwaka 1968, Ben Jipcho aliifanya mizunguko ya mwanzo ya mita 1,500 kuwa ya kasi mno ili kumchosha Mmarekani Jim Ryun, na Kipchoge Keino akanyakua dhahabu. Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza karibu mbio nzima akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Ryun. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata unyounyo, naye alimaliza chini ya rekodi ile ya zamani. Wa tatu alikuwa Jipcho. Je, Bayi angefika huko lau Walker hangekuwa mgongoni mwake?

Wakufunzi nao wana visa vyao. Percy Cerutty wa Australia aliwapandisha wanafunzi wake vilima vya mchanga huko Portsea na kuwalisha nafaka mbichi. Mmoja wao, Herb Elliott, alishinda mita 1,500 mjini Roma mwaka 1960. Hapa kwetu, Bruda Colm O'Connell aliwasili Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's, bila kuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Mikononi mwake alipitia Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Lugha yetu iliutambua ukweli huu kitambo. Kitenzi shinda kikipata kiambishi cha kutendana huwa shindana. Mshindi anaweza kutajwa pekee, lakini mshindani hawezi: ndani ya neno lenyewe mmefichwa mtu wa pili. Tunapomfuta huyo wa pili katika kumbukumbu zetu, tunabakia na ushindi usio na mashindano.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi insha ya aina nyingine. Waende kwa mkimbiaji mzee kijijini, wamuulize alifunzwa na nani, alimkimbiza nani, na nani alimkimbiza yeye; kisha wayaandike majibu yake kwa Kiswahili sanifu kabla wazee hao hawajatutoka. Nanyi, siku ya michezo, andikeni muda wa kila mtoto, si jina la mshindi tu. Na yule wa pili asipoonekana Jumatatu shuleni, aulizwe habari zake upesi. Akiachwa apotee, hata yule wa kwanza atakuwa amepoteza.