Mwenye Duka na Mwenye Jina

Katika madarasa ya uchumi wa kisiasa swali hili huulizwa mara kwa mara: mtu aliyefungua duka kwa jina la kampuni kubwa ni bepari, ni mfanyakazi, au ni kitu gani? Jibu halipatikani kwa kutazama kibao kilichopo mlangoni. Ni lazima tuulize nani anamiliki nini, na ziada inayopatikana inakwenda wapi.

Utaratibu wenyewe, ambao wafanyabiashara huuita franchaizi, ni wa kukodi jina. Kampuni inampa mtu ruhusa ya kutumia jina lake, alama zake na namna yake ya kufanya kazi. Mtu huyo anatoa mtaji, anaajiri watu, anabeba hasara ikitokea, na analipa ada kwa muda wote wa mkataba. Watetezi wake husema kuwa hii ndiyo njia rahisi ya mtu wa kawaida kumiliki biashara. Dai hilo halina budi kupimwa kwa mfano halisi.

Tuchukue McDonald's ya Marekani. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mkahawa wa hambaga huko San Bernardino, California. Mwaka 1954 aliwafikia Ray Kroc, mwuzaji wa mashine za kuchanganyia maziwa. Mwaka 1955 akafungua mkahawa wa jina hilo Des Plaines, Illinois, na mwaka 1961 akawanunua ndugu hao kwa dola milioni 2.7. Lakini ada ya jina peke yake ilileta fedha kidogo. Dawa aliipata mtaalamu wake wa fedha, Harry Sonneborn, mwaka 1956: kampuni ishike viwanja na majengo, kisha impangishe mwenye mkahawa. Tangu hapo anayeitwa mwenye mkahawa ni mpangaji. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mikahawa hiyo duniani inaendeshwa kwa mikataba ya franchaizi.

Na huyo mtu wa kawaida ni nani? Huko Marekani mwombaji hutakiwa kuwa na angalau dola 500,000 zake mwenyewe, zisizo za mkopo. Mfagiaji wa mkahawa hazifikii. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: Martha Matilda Harper, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kufungua saluni Rochester, New York, mwaka 1888, alianza mwaka 1891 kuwapa jina na mafunzo yake wanawake waliotoka katika kazi za utumishi kama yeye.

Kiini cha jambo ni hiki: ada hutozwa juu ya mauzo, wala si juu ya faida. Kwa mikahawa mipya ya McDonald's Marekani, tangu 2024 ada hiyo ni asilimia 5, na kodi ya pango iko mbali. Tufanye hesabu ya mfano. Duka limeuza kwa shilingi 100. Gharama zote, pango likiwemo, ni 90. Zinabaki 10, kampuni inachukua 5, mwenye duka 5. Mwaka unaofuata bei za vitu zinapanda, gharama zinafika 96. Zinabaki 4, lakini kampuni bado inadai 5. Mwenye duka amepata hasara ya shilingi moja, na mwenye jina hakupungukiwa na senti.

Hapo ndipo masilahi yao yanapogongana. Kampuni inataka mauzo yaongezeke, hata kwa kufungua duka jingine mtaa wa pili. Mwenye duka anataka faida, na kwa kuwa ada, pango na vifaa vimekwisha pangwa na wengine, kilichobaki mikononi mwake ni ujira wa wafanyakazi. Anayebanwa juu hubana chini. Mpaka 2017 mikataba ya McDonald's Marekani ilimkataza mwenye duka kumwajiri mfanyakazi wa duka jingine la jina hilo hilo. Msichana wa jikoni hakuwahi kutia sahihi mkataba huo, lakini ulimfunga.

Mkono wa mwenye jina hufika hata shambani. Mapema Januari 2022 maduka ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka nje vilichelewa njiani. Wakenya walikasirika, maana wakulima wao walikuwa na viazi. Wasimamizi walieleza kwamba kila mwuzaji wa mazao lazima kwanza apitishwe na utaratibu wa ubora wa kampuni ya dunia nzima. Baada ya kelele hizo waliahidi kutafuta wauzaji wa hapo hapo. Lakini wiki ile, mwendesha duka Nairobi hangeweza, hata angependa, kutuma lori Nyandarua likapakie magunia.