Protini kipokezi katika saratani ya mapafu

Chukua mfano wa mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo. Anakohoa mwezi wa tatu sasa. Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakikuonekana, lakini picha ya eksirei inaonyesha uvimbe kwenye pafu. Daktari anakata kipande kidogo cha uvimbe huo kipelekwe maabara. Kipande hicho kinaweza kutuambia nini?

Kumbuka somo la seli. Kwenye utando wa seli kuna protini ziitwazo vipokezi. Kipokezi ni kama kitasa, hufunguka kwa ufunguo wake tu. Kimojawapo ni EGFR. Ufunguo wake ni EGF, protini ya kuchochea ukuaji iliyogunduliwa na Stanley Cohen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ufunguo ukiingia, seli hupata amri ya kugawanyika. Katika baadhi ya saratani za mapafu vipokezi hivi huwa vingi kupita kiasi, au jeni yake imebadilika kiasi kwamba kipokezi hutoa amri hata bila ufunguo.

Maabara huhifadhi kipande kwa formalini, hukigandisha ndani ya nta, kisha hukikata vipande vyembamba sana. Huwekwa kingamwili inayonasa EGFR peke yake, halafu kimeng'enya kinachozalisha rangi. Chini ya hadubini, penye EGFR huonekana kahawia. Ndiyo maana EGFR huitwa alama ya tishu.

Hapa ndipo wengi hupoteza maksi. Rangi inaonyesha kuwa kipokezi kipo, haithibitishi kuwa jeni yake imebadilika. Hata seli za ngozi yako, zenye afya kabisa, zina EGFR! Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulisinyaa vizuri kwa dawa ya gefitinib walikuwa na mabadiliko katika jeni ya EGFR. Kwa hiyo kabla ya kuchagua dawa hiyo hupimwa DNA ya uvimbe. Tukitegemea rangi tu, mkulima wetu anaweza kumeza vidonge miezi kadhaa huku uvimbe ukiendelea kukua.

Swali la kujipima: Tishu za wagonjwa wawili zimekuwa kahawia kwa kiasi kilekile. Mmoja tu ana mabadiliko ya jeni. Nani apewe gefitinib? Toa sababu.