Kazi ya Mwuguzi Kabla Mgonjwa Hajapasuliwa

Watu wengi wakisikia kwamba ndugu yao atapasuliwa hospitali, fikira zao zote humwelekea daktari na kisu chake. Lakini saa nyingi kabla daktari hajanawa mikono, iko kazi nyingine iliyokwisha kutendeka wodini, na aliyeitenda ni mwuguzi. Kazi hiyo ikiharibika, hata daktari hodari hupata taabu.

Kwanza ni maneno. Daktari ndiye apasaye kumweleza mgonjwa ugonjwa wake, mahali patakapopasuliwa na hatari zilizopo, ndipo mgonjwa atie sahihi au kidole gumba katika karatasi ya kukubali. Mara nyingi mgonjwa huitikia "Ndiyo, daktari" kwa heshima tu, na daktari akiisha kwenda huuliza, "Sista, alisema nini?" Mwuguzi mwema hamcheki. Humweleza tena kwa lugha aijuayo, na akiona kwamba hakufahamu, humwita daktari arudi, kwa maana sahihi ya mtu asiyefahamu si ruhusa.

Jambo liletalo ugomvi mwingi ni chakula. Mtu aliye macho, kitu kikitaka kuingia katika njia ya pumzi, hukohoa. Dawa ya usingizi huizuia hata kazi hiyo ya kukohoa. Basi chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda hadi kooni, kisha kikashuka mapafuni pamoja na maji makali ya tumbo, na mgonjwa akasongwa pumzi au akapata ugonjwa mbaya wa mapafu. Daktari Curtis Mendelson wa Marekani aliandika habari hii mwaka 1946, baada ya kuchunguza akina mama waliopatwa na msiba huo walipokuwa wakijifungua.

Zamani wagonjwa walikatazwa hata maji tangu usiku wa manane. Siku hizi kawaida ni nyepesi zaidi: chakula na maziwa ya ng'ombe vikome muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama muda wa saa 4, na maji matupu muda wa saa 2. Chakula chenye mafuta mengi huhitaji muda mrefu zaidi. Uji ni chakula, na chai ya maziwa haihesabiwi kuwa maji. Hayo husahauliwa sana. Mtoto analia njaa tangu alfajiri, naye bibi yake, kwa huruma, anamnywesha uji aliouficha chini ya leso. Kwa hiyo mwuguzi huuliza, "Mama, mtoto amekula nini, na saa ngapi?" Yampasa aulize kwa upole, kwa kuwa mtu aliyekaripiwa huficha. Akiambiwa kweli, kazi yaweza kuahirishwa hadi jioni au kesho. Na kama ni jambo la dharura lisilongoja, wenye kutia usingizi wanazo njia za kumlinda mgonjwa, lakini sharti wajue.

Huuliza vilevile habari za dawa, pamoja na za miti shamba, kwa maana ziko zinazozuia damu isigande. Humpima mgonjwa joto, mapigo ya moyo, nguvu ya damu na uzito. Uzito una maana kubwa kwa mtoto, kwani dawa zake hupimwa kwa kilo.

Kisha mgonjwa huoga kwa sabuni. Pete, bangili na meno ya bandia huondolewa. Hirizi nayo haitupwi, bali hupewa jamaa aitunze. Rangi ya kucha hufutwa, kwa sababu chombo kinachopima hewa katika damu huvishwa kidoleni. Kunyoa kwa wembe, kulikokuwa desturi, kumeonekana kuwa na hasara: wembe huacha vidonda vidogo ambamo vijidudu huingia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri nywele zisinyolewe, na ikibidi zikatwe kwa mashine.

Mwisho ni jina. Wagonjwa wengine huchukizwa kuulizwa jina mara nne au tano, kana kwamba hawaaminiwi. Lakini wodi moja yaweza kuwa na akina Juma wawili, mmoja wa ngiri na mwingine wa mguu. Mwaka 2008 Shirika hilo lilitoa karatasi ya maswali ya kuulizwa kabla ya kupasua na baada yake. Ilijaribiwa katika miji 8, mmoja wao Ifakara, Tanzania. Habari zilizotolewa mwaka 2009 zilionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000.

Mlangoni pa chumba cha kupasulia mwuguzi wa wodi humkabidhi mgonjwa kwa mwenzake, wakisoma pamoja jina, mahali palipotiwa alama na saa ya chakula cha mwisho. Kisha hurudi wodini kutandika kitanda na kuweka tayari hewa ya oksijeni, akingoja kuitwa.